Piano ya Chaki ya Bi Mwanamisi

Nyinyi wawili mnaolichukua darasa langu la piano mliniomba, siku ya chai ya kuniaga, niwaachie mawaidha. Mawaidha sina. Ninachoweza kuwaachia ni miaka thelathini na ushei ya kukaa kando ya watu wanaojifunza piano kwa mara ya kwanza, hapa Diani, Ukunda na Msambweni, pamoja na mambo niliyoyaamini kwa nguvu zote kabla ya kugundua kwamba si kweli. Mengine niliyaamini hadi mwaka huu, kwa hivyo msinicheke sana.

Nilizaliwa kwenye mashamba ya skimu ya makazi nyuma ya Msambweni, baada ya wazazi wangu kuhamia huku kutoka Ukambani. Chombo cha kwanza nilichokigusa kilikuwa kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu kama cherehani, na nilikipiga kwa kukariri bila kujua jina la sauti hata moja. Nilidhani huo ndio muziki wote uliopo duniani. Kisha nikapata kibarua katika hoteli moja ya Galu, kupanga maua na kufuta vumbi sebuleni, na hapo nikamkuta Mzee Zablon.

Mzee Zablon aliwapigia wageni piano saa ya chai. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mchache wa maneno, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne tu, cha mwisho kilikwenda na mashine ya kukamua miwa alipokuwa kijana. Nilimwamkia kwa wiki mbili nzima, shikamoo mzee, marahaba, kabla sijapata ujasiri wa kumwomba anifundishe. Alikubali, na somo langu la kwanza lilikwisha bila mimi kugusa kibao hata kimoja cha piano. Saa nzima alinipandisha na kunishusha kwenye kiti, akaweka mto, akautoa, akanisogeza mbele, akanirudisha nyuma, mpaka viwiko vyangu vikawa sawa na vibao. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Leo nikiona mtoto anayelalamikia mabega, jambo la kwanza ninalolitazama ni kiti, na mara nyingi halihitajiki la pili.

Kwa sababu ya vile vidole tisa sikuweza kamwe kuwa na subira na wazazi wa vidole virefu. Mtawapata. Mzazi anamleta mtoto, anamkunjua viganja na kukuonyesha, kama kwamba umekaa kliniki, kisha anauliza iwapo vidole hivyo vinafaa. Nimekuwa nikiwajibu kwamba vinafaa kwa kulia ubwabwa na kwa piano pia. Wengine hawaoni kichekesho.

Mzee Zablon ndiye aliyenipa pia elimu ya kuitunza piano katika hewa hii yetu ya chumvi. Fungueni ubao wa chini, karibu na miguu, muweke balbu ndogo iwake mchana na usiku, mbali na mbao, ili unyevu usiingie ndani. Muitafute ile balbu ya kizamani inayotoa joto, maana hizi mpya za kuokoa umeme huokoa kila kitu pamoja na joto lenyewe. Piano ya shule niliyoikuta siku yangu ya kwanza ya kufundisha ilikuwa na vibao saba visivyolia. Nilipofungua nilikuta panya wamekula kitambaa cha nyundo, kutu imeshika nyuzi, na mjusi ametaga mayai manne kando ya uzi wa sauti ya chini kabisa. Nilifundisha muhula mzima kwa vibao vilivyobaki. Wanafunzi wale walijua kuruka kibao kibovu bila kusita, na mmoja wao mpaka leo huruka hata kikiwa kizima.

Miaka ile ya mwanzo nilijifunza kwamba anayeanza piano haji mikono mitupu, huja na mambo aliyoambiwa na watu. Wapo wanaodhani miezi mitatu inatosha. Mama mmoja wa Ukunda alimwandikisha mwanawe mwezi wa Septemba na kuniarifu kwamba kanisani wameshaambiwa atapiga Krismasi. Alipiga kweli, sauti tano, polepole, na waumini wakasimama kumpigia makofi kwa hofu kwamba zinaendelea. Wapo wanaoacha wiki nzima kisha wanamfungia mtoto na piano Jumamosi kwa muda wa saa tatu. Dakika kumi kila siku zinashinda saa tatu hizo, na mtoto haichukii piano. Wapo wanaoamini kwamba lazima kwanza usome nota kama unavyosoma gazeti ndipo uruhusiwe kupiga wimbo. Mimi nilipiga miaka minne kwa sikio kabla ya kujua kusoma, nikaja kujua kusoma, na sikio halikuondoka.

Halafu kuna lile ambalo watu huuliza kwa adabu na kwa kuzunguka. Baba mmoja wa Msambweni, mtu mstaarabu sana wa swala tano, aliniletea binti yake na kuniuliza habari za afya yangu, za watoto wangu, za mvua, na mwishoni kabisa iwapo masomo ya piano yana nyimbo za kanisani ndani yake. Nilimwambia masomo yangu yana vidole kumi na mapigo manne, na nyimbo atachagua yeye. Alikaa kwenye masomo manne na gazeti lake, akilisoma ukurasa mmoja tu. La tano hakuja, alimtuma mama mtu, na mama alikuja na kaimati. Binti yule sasa anafundisha muziki Mombasa.

Mzee Zablon alikuwa na amri moja iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwanafunzi akikosea, usimguse na usiseme. Mwache akosee mara tatu huku unamsikiliza, ndipo utajua anakosea nini. Niliishika amri hiyo maisha yangu yote ya kazi, nikaifundisha kwa wengine, kisha mwaka huu, nikiwa nimebakiza miezi isiyofika mitatu kustaafu, nikaisahau kwa mtu ambaye ilimstahili kuliko wote.

Alibisha hodi nyumbani kwangu Ukunda Jumanne moja asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, buibui safi, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni kwa mazoea. Alijitambulisha kwa jina la Mwanamisi, fundi cherehani wa Gazi. Alikuwa ameshona mapazia ya hoteli fulani ya Galu, na siku ya kuyatundika alisikia mtu akipiga piano sebuleni, akasimama juu ya ngazi mpaka wimbo ukaisha. Binti yake Saumu alikuwa anaolewa baada ya miezi miwili na nusu. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wote, alitaka ampigie wimbo wa kubembelezea watoto ambao mama yake mzazi alimwimbia yeye, na yeye akamwimbia Saumu.

"Miye sina mengi, mwalimu," alisema. "Wimbo mmoja tu, niupige kwa mikono yangu mwanangu ausikie. Au nimechelewa?"

Nawaandikia jibu langu kama lilivyokuwa, ingawa linaniumiza. Nilimwambia kwamba kwa umri ule vidole vimeshakuwa vigumu, kwamba tunaweza kujaribu lakini asitarajie kufika mbali. Mimi, niliyefundishwa na mtu mwenye vidole tisa.

Yeye aliuliza tu tutaanza lini. Baadaye ndipo alipoeleza kwamba kurudi nyuma hakuwezekani, maana alikwisha kumwahidi Saumu, na wifi yake Bi Mwanakombo, dada wa marehemu mumewe, alikuwepo na alisikia. Wifi alicheka mpaka akaketi. Alisema atakaa safu ya mbele aione hiyo piano ya fundi cherehani, na kufikia jioni Gazi nzima ilikuwa inajua. Bi Mwanamisi akishindwa, atashindwa mbele ya watu aliowashonea nguo tangu wakiwa wasichana.

Wimbo wenyewe aliniimbia, nikauandika kwa ajili yangu, na yeye nikamfundisha kwa sikio na kwa vidole. Nilitaka kumwazima kinanda changu kidogo cha umeme aende nacho nyumbani, akakataa. Nyumba yake na ya wifi zinagawana ukuta mmoja, na hakutaka makosa yake yasikike upande wa pili. Badala yake alitoa futi, akapima upana wa kibao cheupe, urefu wa cheusi, na nafasi baina yao, akaandika kwenye kidaftari chake cha vipimo vya wateja. Angechora vibao kwa chaki juu ya meza yake ya kukatia nguo, alisema, na kufanya mazoezi kila alfajiri baada ya swala. Nilicheka moyoni, nikaona ni ubunifu mzuri, nikanywa chai yangu.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko nilivyotabiri. Sauti zinazokaa jirani alizishika, mapigo alikuwa nayo, maana mtu aliyekanyaga cherehani miaka arobaini hafundishwi mapigo. Shida ilianza wimbo ulipotaka mkono uruke. Kuna mahali pale katikati sauti inapanda ghafla, na kila alipofika hapo mkono wake ulipita ukaangukia kibao cha mbele. Nikamsahihisha. Wiki iliyofuata, akapita tena. Nikamshika kiganja nikamwekea mahali pake, na akipiga mwenyewe, anapita. Wiki ya saba alipita mara sita mfululizo, na mimi nilikuwa nimechoka, nilikuwa na ripoti za shule, na joto lilikuwa kali.

Nilimwambia: "Bi Mwanamisi, hufanyi mazoezi."

Alifunga kifuniko cha piano taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Alisema anafanya, kila alfajiri, ila huenda ni kweli amechelewa. Aliniaga kwa heshima zote na kunishukuru kwa kazi yangu. Jumanne iliyofuata hakuja.

Nilijiambia kwamba ndivyo wanafunzi wa utu uzima walivyo, huja na hamu na kuondoka na visingizio. Nimelisikia hilo kwa walimu wengi na nimelisema mwenyewe mara nyingi. Lakini Jumatano nilikuwa nimeketi peke yangu kwenye piano, nikaupiga wimbo wake, na nilipofika pale pa kuruka nikajiuliza swali ambalo Mzee Zablon angeuliza tangu siku ya kwanza. Anakosea nini hasa? Nikakumbuka kwamba hakuwahi kufupisha. Hata mara moja mkono wake haukuangukia nyuma. Kila mara ulizidi, na kila mara kwa kiasi kilekile. Mtu asiyefanya mazoezi hukosea ovyo, leo huku na kesho kule. Huyu alikuwa anakosea kwa ustadi.

Alhamisi nilichukua gauni ambalo halikuwa na tatizo lolote, liwe kisingizio, nikapanda pikipiki mpaka Gazi. Nyumba nilielekezwa na akina mama waliokuwa wakitoka kupanda miche ya mikoko, miguu yao imejaa tope. Bi Mwanamisi alinikaribisha bila kinyongo, akaniletea maji na kuuliza habari za nyumbani. Nikamwomba anionyeshe meza.

Ilikuwa meza ndefu ya mbao, na juu yake, kutoka pembe hadi pembe, alikuwa amechora piano. Chaki ilikuwa imefutika katikati, pale vidole vinapopita, na kurudiwa, na kufutika tena. Ungeona kwa macho kwamba palipigwa hapo mamia ya mara. Mtu huyu alikuwa amefanya mazoezi kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha katika shule yetu yenye piano mbili. Nilitandaza mkono wangu juu ya vibao vyake, kidole gumba mwanzo na cha mwisho mahali pake pa kawaida, na mkono haukufika. Vibao vilikuwa vipana.

Nikamuuliza kwa nini, maana nilimwona akipima kwa futi mbele yangu. Alishangaa kwamba nauliza.

"Kipimo nimekiweka sawa, mwalimu. Kisha nimeongeza akiba ya mshono. Kitu hakikatwi bila akiba, hakitamwingia mtu."

Ndiyo hiyo. Miaka arobaini mkono wake haujachora mstari kwenye meza ile bila kuacha nafasi kidogo ya kushonea, na aliiacha kwa kila kibao, upande huu na upande huu. Vibao viwili vya jirani, tofauti haionekani. Ruka vibao vitano, umeshapitiliza kimoja kizima. Alikuwa amejifunza wimbo wake bila kosa hata moja, kwenye piano iliyozidi.

Nilicheka, kisha nikaona aibu kiasi cha kushindwa kumtazama. Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba mvivu alikuwa mimi, kwamba nilimhukumu bila kumsikiliza, na kwamba vidole vyake havina ugumu wowote, vina utii kupita kiasi. Aliitazama ile meza. Halafu akachukua kitambaa kilicholowa maji, akaifuta piano yote kwa mkupuo mmoja, akauliza tumebakiwa na siku ngapi. Zilikuwa siku ishirini na tatu.

Tuliikata upya siku hiyohiyo, kwenye kitambaa cheupe cha bitana, kwa kipimo kamili. Mkono wake wenye mkasi ulikataa mara mbili kukata bila akiba, ikabidi nishike futi mimi. Vibao vyeusi alivikata kwenye mabaki ya buibui akavishonea juu. Alikuja kwangu kila siku ya pili, na nyumbani akarudi kwenye kitambaa chake kimya kimya, na mkono ukaanza kujifunza kurudi nyuma. Wengi hudhani kosa lililozoeleka halitoki. Hutoka, ila halitoki kwa kukemewa. Siku ya kumi na tano aliruka akatua mahali pake, akaendelea na wimbo kama kwamba hapakuwa na neno. Mimi ndiye niliyelazimika kwenda jikoni kutafuta leso.

Shule ilinipa chai ya kuniaga siku ya Ijumaa, nyinyi mlikuwepo. Jumamosi alasiri nilikuwa Gazi. Ukumbi ulikuwa wa makuti, wanawake peke yao, udi na asmini, na Saumu amekaa juu ya jukwaa kwa hina na dhahabu, macho chini. Kikundi cha akina mama wapiga taarabu kilikuwa na kinanda cha umeme, na kiongozi wao alikubali kumpisha mama wa bibi harusi kwa wimbo mmoja. Bi Mwanakombo alikuwa safu ya mbele, kama alivyoahidi.

Bi Mwanamisi aliketi, akainuka, akaomba mto, akaketi tena mpaka viwiko vikawa sawa. Kisha akaanza. Ukumbi uliokuwa na kelele za vijaluba vya tambuu na watoto ukatulia safu baada ya safu, maana hakuna mtu Gazi ambaye hakubembelezwa kwa wimbo ule. Saumu aliinua macho. Alipokaribia pale pa kuruka nilishika kiti changu kwa mikono miwili. Aliruka, akatua.

Na hapo umeme ukakatika.

Feni zilisimama, spika zikakohoa, kinanda kikafa. Kiongozi wa kikundi alisogea kumgusa bega ili asimame. Lakini Bi Mwanamisi hakusimama. Nadhani hata hakutambua mara moja kwamba sauti imekwisha, kwani yeye wimbo ule alikuwa ameupiga nyumbani kwa wiki kumi bila kuusikia. Vidole vilizidi kwenda, kimya, kila kimoja mahali pake. Nilivihesabu na hakikukosea hata kimoja. Ndipo kutoka safu ya mbele mtu akaanza kuimba, palepale wimbo ulipokatikia, kwa kufuata mikono ile. Alikuwa Bi Mwanakombo. Sauti yake si nzuri, nasema kama mwalimu, lakini aliimba. Wakamfuata wa pembeni yake, kisha ukumbi mzima, na Saumu akalia na wanja wake wote, na mama yake akawapigia hadi sauti ya mwisho, akainua mikono polepole kama nilivyomfundisha.

Vigelegele vilidumu kuliko wimbo. Baadaye, wakati wa biriani, alipenya kwenye watu akanifikia, jasho limemtoka, futi haipo shingoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilidhani amekuja kuniaga. Alichokitaka kilikuwa kimekwisha kupatikana, na mimi nilikuwa nimestaafu tangu jana yake. Hakuuliza kama amepiga vizuri.

"Mwalimu," alisema, "Jumanne nije?"

Huu ni mwezi wa pili tangu harusi, na bado anakuja. Tuko kwenye wimbo wa tatu.